Bagi la injini ya pikipiki: rivasi kwanza, fremu baadaye

7 Juni

Injini imefika na imewaka. Ni injini ya pikipiki aina ya CG200, iliyotolewa kwenye guta (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) lililopata ajali. Kipenyo cha silinda ni milimita 63.5, mwendo wa pistoni milimita 62.2, ujazo cc 197, na vali zinasukumwa na vijiti kutoka chini. Chimbuko lake ni Honda CG125 ya mwaka 1976, na viwanda vya China vimeitengeneza kwa wingi kiasi kwamba pistoni, klachi na kabureta zake utazipata hata kwenye duka la vipuri la kijijini. Kwa kazi ninayoitaka, hilo lina thamani kuliko nguvu nyingi.

Bagi, yaani gari dogo la wazi la kupita mchangani, linajengwa hapa Kigamboni, Dar es Salaam, kwa ajili ya njia za huku. Ukiacha lami kuelekea Kimbiji, unaingia mchanga mwepesi kati ya minazi na mashamba ya muhogo, na bodaboda yenyewe inapita kwa kuyumba. Nataka chombo cha watu wawili, chenye sehemu ya mzigo mdogo nyuma, ambacho fundi wa pikipiki yeyote anaweza kukirekebisha.

Kabla ya yote nimeweka sharti moja: hakuna bomba litakalokatwa mpaka nijue gia ya kurudi nyuma inakaa wapi. Mabagi mengi ya kujitengenezea niliyoyaona yalijengwa kwa kuanza na fremu nzuri, injini ikachomelewa nyuma, cheni ikafungwa moja kwa moja kwenye ekseli, kisha mwenyewe akaanza kuulizia rivasi. Wakati huo nafasi imeshakwisha. Kati ya injini na ekseli hakuna hata sentimita za kupitisha boksi dogo.

Pikipiki haina rivasi kwa sababu mwendeshaji anaisukuma kwa miguu. Bagi lenye kilo mia tatu na mtu aliyefungwa mkanda ndani yake ni habari nyingine. Na kwenye mchanga, rivasi ndiyo kifaa cha kwanza cha kujiokoa. Magurudumu yakianza kuzama, unaacha kulazimisha mbele, unarudi taratibu kwenye alama zako mwenyewe ambako mchanga umeshashindiliwa, halafu unatafuta njia nyingine. Asiye na rivasi anashuka na koleo.

10 Juni

Leo tumekaa kuchambua njia zilizopo. Naziandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo mradi unapopata umbo lake.

Njia ya kwanza ni kuchukua mtambo wa nyuma wa Bajaji kama ulivyo. Bajaj RE ina gia nne za mbele na moja ya nyuma, difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) imo humohumo, na shafti mbili zinatoka kwenda kwenye magurudumu. Kwa mtu anayetaka bagi dogo la uwanjani au la watoto wakubwa, sioni njia rahisi zaidi ya hiyo. Tatizo ni tairi. Bajaji imepangiwa tairi ndogo za 4.00-8, ambazo mzunguko wake ni kama mita 1.3. Mimi nataka rimu za inchi 12 ili chesi isikwaruze matuta. Tairi ya guta ya 5.00-12 nimeichora mstari wa chaki, nikaisukuma sakafuni mzunguko mmoja, nikapima: mita 1.78. Ukiifunga tairi hiyo kwenye mtambo wa Bajaji, nguvu ya kuvuta inashuka hadi karibu asilimia 73 ya ilivyokuwa. Injini yenyewe ni ndogo, barabara yenyewe ni mchanga. Haiwezekani.

Njia ya pili ni injini za skuta za GY6 za cc 150 zinazofungwa kwenye magari madogo ya kuchezea, zile zenye mkanda badala ya gia, pamoja na boksi la mbele, kati na nyuma. Ni tamu kuendesha. Lakini mkanda ukifanya kazi nzito kwa mwendo mdogo unapata moto na kuteleza, na mchanga ukiingia kwenye nyumba yake unaula. Tumeipita haraka.

Ya tatu ni umeme: mota ya stata ya gari, ile ya kuwashia injini, inazungusha sproketi (gurudumu la meno la cheni) kinyume. Wazo hili lina heshima yake. Honda waliliweka kwenye Gold Wing GL1500 ya mwaka 1988, wakitumia stata ya pikipiki yenyewe, na linafaa sana kulirudisha pikipiki zito nyuma kwenye maegesho. Ila stata ya gari inakunywa zaidi ya ampia mia kutoka kwenye betri ya volti 12, na imetengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache tu. Ukikwama kwenye mchanga unahitaji mvuto mkubwa kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo mota hiyo inapoungua. Kwa bagi la lami linalohitaji kutoka gereji, sawa. Kwa Kimbiji, hapana.

Ya nne ilitupa mjadala mrefu: kuchukua giaboksi ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na kuizungusha kwa cheni kutoka kwenye injini ya pikipiki. Unapata rivasi imara, unapata propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) na difu vilivyozoea mzigo. Wapo wanaofanya hivyo na yanatembea. Hesabu yake lakini ina mtego. Injini yangu inatoa kama Nm 15 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Nilipofungua kava na kuhesabu meno, upunguzaji wa kwanza wa mwendo ni meno 73 kwa 18, na gia namba moja ni 36 kwa 13. Zidisha, unapata 11.2. Maana yake, shafti inayotoka kwenye injini ikiwa namba moja inabeba Nm 168. Injini ya kirikuu yenyewe, ile ya cc 660 isiyo na tabo, haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo ukiweka pikipiki namba moja na giaboksi ya gari namba moja kwa wakati mmoja, unaitwisha giaboksi mzigo ambao haikuchongewa. Inataka dereva mwenye nidhamu ya kutumia namba tatu ya pikipiki anapokuwa namba moja ya gari, na bagi hili litaendeshwa na watu wengi. Ongeza uzito wa chuma chote hicho kwa nyuma. Nimeiacha.

Iliyobaki ni boksi la rivasi la guta, na ndilo tulilolichagua. Ni boksi dogo la chuma linalokaa kati ya injini na ekseli, lina wenzo mmoja wenye nafasi tatu: mbele, kati, nyuma. Magari ya magurudumu matatu yanayobeba saruji na magunia kila siku mitaani kwetu yameshajibu swali ambalo wajenzi wa bagi bado wanaliuliza. Limebuniwa kwa injini kama hii hii, na mzigo wake ni mkubwa kuliko wangu.

14 Juni

Nimevuka na pantoni asubuhi kwenda Kariakoo, nikamalizia Gerezani. Yapo maboksi ya aina mbili. Moja linafungwa ubavuni mwa injini mahali pa sproketi na linatoa propela. Jingine linapokea cheni upande mmoja na kutoa cheni upande wa pili, kwenda kwenye ekseli yenye difu iliyofungwa sproketi.

Muuzaji alinisukuma kwenye la propela. "Kaka, hili hata ukipita kwenye maji halina shida. Cheni utahangaika nayo."

Nikamwambia, "Ni kweli kaka, lakini hili likiwa na mwendo nisioutaka nitalibadilisha vipi?"

Akacheka, akaenda kunitolea la cheni.

Hiyo ndiyo sababu yangu. Propela inafunikwa vizuri na haijali vumbi, lakini uwiano wake umeamuliwa kiwandani kwa ajili ya guta. Cheni inachafuka na kuchakaa, lakini sproketi mbili zikibadilika bagi linapata tabia mpya kabisa. Kwa chombo ambacho bado kinatafuta tabia yake, nachagua cheni na kuikubali kazi ya kuisafisha.

Nimerudi na boksi, ekseli ya guta yenye difu, na sproketi kadhaa za akiba. Boksi nimelizungusha kwa mkono pale pale dukani: mbele linapitisha moja kwa moja, nyuma linapunguza mwendo kidogo. Hakikisha unafanya hivyo kabla hujalipa. Sikiliza pia beringi zake, na uutikise wenzo ukiwa kwenye kila nafasi. Ukirukaruka wenyewe, meno ya kufunga yameshalika.

17 Juni

Hesabu ya sproketi. Nilitaka jambo moja: injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, namba moja, klachi imeachiwa yote, bagi litembee kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukilipata hilo, huhitaji kuichoma klachi kwenye mchanga.

Cheni ya kwanza, kutoka injini kwenda boksi, ni meno 15 kwa 20. Ya pili, kutoka boksi kwenda ekseli, ni 13 kwa 41. Kwa pamoja zinapunguza mara 4.2. Namba moja kwenye mizunguko 2,000 inatoa kilomita 4.5 kwa saa, na kwenye 7,500 kilomita 17. Namba tano, ambayo ni meno 24 kwa 25, inafika kama kilomita 49. Kwa njia za kwetu hiyo ni kasi ya kutosha, tena na zaidi.

Mvuto je? Nm 168 mara 4.2 ni kama Nm 706 kwenye ekseli. Nusu kipenyo cha tairi ni mita 0.283, kwa hiyo tairi zinasukuma ardhi kwa nguvu ya karibu kilo 255, kabla ya msuguano kuchukua chake. Bagi likiwa na watu wawili natarajia kilo 420. Mlima wa asilimia 30 unadai kilo 120, na mchanga laini unaweza kudai robo ya uzito wote, yaani kilo 105. Jumla 225. Inabaki nafasi nyembamba, lakini ipo.

Jambo ambalo wengi hawalipimi ni cheni yenyewe. Cheni ya kwanza haioni jambo jipya: ina sproketi ileile ya meno 15 na mzigo uleule wa pikipiki. Cheni ya pili inapokea nguvu iliyoshaongezwa, na inaipokea kwenye sproketi ndogo ya meno 13. Kwa cheni ya kawaida ya pikipiki hizi, namba 428, mvutano unafika kama kilo 860. Kwa 520, ambayo pingili zake ni milimita 15.875, sproketi ya meno 13 inakuwa pana zaidi na mvutano unashuka hadi kama kilo 690, huku cheni yenyewe ikiwa nene. Kwa hiyo mbele 428, nyuma 520. Nimeona watu wakifunga 428 kote kwa sababu ndiyo iliyopo, kisha wanalaumu ubora wa cheni.

22 Juni

Leo nimekwenda kwa mzee mchongaji wa vyuma. Kitako cha sproketi ya 520 hakilingani na shafti ya boksi, kwa hiyo kinakerezwa kipya. Mzee alikigusa chuma nilichobeba kwa ncha ya faili, akakirudisha mezani.

"Mwanangu, hiki ni laini. Kwenda mbele kitakaa. Ukianza kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, njia ya kii, ile inayokishika kwenye shafti, itafunguka."

Akaenda kwenye rundo lake akarudi na kipande cha shafti ya nyuma ya lori. Grinda ilipokigusa zilitoka cheche fupi zenye matawi mengi, akatikisa kichwa kuridhika. Akakereza taratibu, oili ikitiririka kwenye kisu, vinyweleo vya chuma vikitoka vya rangi ya samawati. Tundu likaingia kwenye shafti kwa kusukumwa na kiganja, bila kucheza hata chembe. Kazi ya namna hiyo inanipa imani na mji huu.

Neno lake kuhusu mbele na nyuma nimelichukua hadi kwenye kikaza cheni. Bagi likienda mbele, upande wa juu wa cheni ya pili ndio unaovuta na wa chini umelegea. Ukiweka rivasi mambo yanageuka: wa chini unavuta, wa juu unalegea. Kikaza cha springi kilichofungwa chini kitapigwa na cheni iliyokaza siku ya kwanza utakayorudi nyuma kwa nguvu. Kwa hiyo hatuweki springi kwenye cheni ya pili. Boksi linakaa kwenye matundu marefu, unalegeza boli nne, unalisogeza, unakaza. Juu na chini kuna vipande vya plastiki ngumu, iliyotoka kwenye ubao wa kukatia mboga, vya kuongoza cheni tu.

29 Juni

Sasa mabomba yanakatwa.

Ekseli ya guta kwa kawaida inakaa kwenye springi za bapa. Hizo zinabeba mzigo vizuri lakini zinarusha bagi tupu. Tumetengeneza mikono miwili mirefu inayobeba ekseli kwa nyuma na kuning'inia kwenye fremu kwa mbele, na shokapu mbili za guta zimesimama juu yake. Sharti kubwa hapa: egemeo la mikono limewekwa karibu iwezekanavyo na sproketi inayotoka kwenye boksi, kwenye mstari mmoja. Ekseli ikipanda na kushuka, umbali kati ya sproketi mbili unabadilika kidogo sana. Ukiliacha egemeo mbali, kila tuta litakaza cheni kama gitaa na kuilegeza tena, na boksi ndilo litakalolipa.

Hii pia ndiyo sababu ya kuanza na rivasi. Mahali pa boksi pameamua mahali pa egemeo, egemeo limeamua urefu wa mikono, mikono imeamua viti vinaishia wapi. Fremu imejichora yenyewe kutokea hapo.

6 Julai

Difu. Difu ya guta ni ya wazi, kwa hiyo gurudumu moja likikosa mshiko linazunguka bure na jingine linasimama. Ushauri wa haraka ni kuichomelea iwe ekseli moja ngumu. Kwenye mchanga mtupu inafanya kazi, lakini kwenye udongo mgumu bagi linakataa kukata kona, linasukuma pua kwenda mbele, na shafti za ekseli zinajisokota kila kona.

Nimeazima wazo kwa matrekta. Massey Ferguson ya kawaida shambani ina pedali mbili za breki, kushoto na kulia, na dereva hukanyaga moja ili kugeuza au kuzuia gurudumu linalozunguka bure. Tumefunga wenzo mmoja wa mkono wenye silinda mbili za breki: ukivuta kushoto linashikwa gurudumu la kushoto tu, nguvu inahamia kulia. Pedali ya mguu bado inashika yote.

Injini nayo imepata feni ya umeme na bati la kuelekeza upepo kwenye mapezi ya silinda. Injini hii hupozwa kwa hewa, na nyuma ya viti upepo haufiki.

20 Julai

Jaribio la kwanza, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya karakana. Mbele, namba moja, bagi limeondoka kwa utulivu kama nilivyotaka, klachi imeachiwa mapema na injini haikulalamika.

Kuhusu kubadilisha boksi: klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili, kwa hiyo hata ukiikanyaga yote bado inaburuta kidogo, na shafti haisimami. Ukiuvuta wenzo wa rivasi huku gia iko namba moja, meno yanasaga. Utaratibu wetu ni huu: simama kabisa, weka gia huru mpaka taa ya kijani iwake, vuta wenzo, kisha ingiza namba moja. Wenzo ukigoma, sogeza bagi kidogo kwa mkono, meno yatakutana. Taa ya kijani ya pikipiki imehamishiwa katikati ya dashibodi kwa ajili hiyo tu.

Kwa kuwa boksi liko baada ya gia za injini, bagi lina gia tano za kurudi nyuma. Hilo ni hatari. Magurudumu ya mbele yaliyopangwa kujinyoosha yenyewe ukienda mbele hutaka kujikunja ukienda nyuma, na usukani unaweza kukupokonya mikono. Tumeweka kizuizi cha chuma kwenye fito ya gia: wenzo wa boksi ukiwa nyuma, gia haiwezi kupita namba moja.

Kwenye rivasi yenye mzigo, sahani inayoshika boksi ilijikunja kidogo na cheni ikaruka jino. Mbele haikuwa na tatizo. Mvuto wa rivasi unapita upande wa chini, kwa hiyo unalipindua boksi kwa mwelekeo ambao sahani haikuwa na mbavu. Tumeongeza pembetatu mbili za bati la milimita 6 na bomba fupi linalofunga sehemu ya juu ya boksi hadi kwenye egemeo.

3 Agosti

Gezaulole kuelekea Kimbiji, watu wawili ndani. Sahani imetulia. Kwenye kijito kikavu magurudumu ya nyuma yalizama hadi nusu ya rimu. Kijana aliyekuwa pembeni yangu akaanza kufungua mkanda, nikamwambia, "Tulia mdogo wangu, kaa hapo hapo." Gia huru, taa, wenzo, namba moja. Bagi lilirudi kwenye alama zake bila kelele, tukapita kulia zaidi. Wenzo wa breki moja moja tuliuhitaji kwenye kilima cha kutokea, gurudumu la kushoto lilipoanza kurusha mchanga.

Namba tano hatukuigusa. Nitajaribu meno 44 nyuma badala ya 41, kupata mvuto zaidi na kasi ndogo, maana barabara hizi hazinidai kilomita 49.

Cheni ya pili imekusanya mchanga kwenye grisi. Tumeiosha kwa mafuta ya taa, na safari ijayo itapakwa oili nyepesi isiyonata. Kazi zilizobaki: kava la bati la cheni zote mbili lenye tundu la kutolea mchanga chini, taa nyeupe ya nyuma inayowashwa na wenzo wa rivasi, na kubadilisha oili ya boksi baada ya saa hizi za mwanzo, kwa kuwa chuma kipya humwaga vumbi lake la kwanza humo ndani. Kava linaanza kukatwa Jumamosi.